Mhusika Wako Amejuaje? Adabu ya Chabo na Hodi kwenye Michezo ya Kuigiza kwa Kuchati

Swali ninaloliandika mara nyingi kuliko jingine lolote kwenye mchezo wetu ni hili: mhusika wako amejuaje? Ukizoea kujiuliza mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma, nusu ya mwongozo huu hutaihitaji. Nusu ya pili ni ya milango: nani aingie chaneli ipi, aingieje, na nani aachwe asome tu.

Nina kibanda cha uwakala hapa Mwanga, Kigoma mjini. Naweka pesa, natoa pesa, nachaji simu za watu, na kati ya mteja na mteja nasimulia mchezo. Kwa asiyewahi kucheza: kila mchezaji ana mhusika wake, tunaandika zamu kwa zamu anachofanya na anachosema, na msimulizi ndiye anayeleta upepo, polisi na mikosi. Sisi tunachezea Discord, programu ya kuchati ambayo kundi linagawanywa vyumba vinavyoitwa chaneli, ila kibaraza cha soga kiko WhatsApp, kwa sababu wapo wenzetu ambao bando lao ni la WhatsApp tu. Meli yetu ni ya kubuni, inatoka Kigoma kwenda Mpulungu, na mwaka wa mchezo ni 1927. Mwaka huo tumeuchagua makusudi. Ndio meli ya Liemba iliporudi kazini, baada ya Wajerumani kuizamisha kwa mikono yao wenyewe mwaka 1916 na Waingereza kuiibua 1924. Kwa hiyo meli yetu ina mshindani ziwani, na abiria wake wana mengi ya kufichana.

Hapo penye kufichana ndipo chabo inapoingilia. Wachezaji wa nje wanaiita metagemingi, sisi tunasema tu fulani kapiga chabo: mchezaji amesoma jambo kwa macho yake, kisha mhusika wake akalitumia kana kwamba alikuwepo. Umesoma chaneli ya ngama, yaani tumbo la meli linalowekwa mizigo, ukiwa umekaa kwenye daladala, mhusika wako yuko gatini anauza karanga, halafu ghafla muuza karanga anajua kilichofichwa ngamani.

Nitoe tukio lenyewe. Mzee Feruzi, mhusika wa mwalimu mmoja wa Kasulu, alishuka ngamani usiku akaficha barua ndani ya gunia la dagaa. Mwalimu aliandika vizuri sana: jinsi kamba ilivyokataa kufunguka, jinsi dagaa walivyomwagika sakafuni, na jinsi mzee alivyowasukuma kwa mguu gizani akidhani wameisha. Chai haijapoa, kijana mmoja wa Katubuka, ambaye mhusika wake ni koplo wa forodha, akaandika hivi:

*Koplo Sudi anashuka ngamani. Anapita magunia ya chumvi ya Uvinza bila kuyatazama, anasimama mbele ya gunia la tatu la dagaa upande wa kushoto, anachomoa kisu.*

Kibarazani watu wakajaza emoji za macho. Mimi sikuandika neno pale. Nilimfuata inboksi.

"Mwanangu, Koplo amejuaje ni gunia la tatu?"

"Shikamoo mama. Amekisia tu, ana uzoefu."

"Marahaba. Uzoefu wa kupita chumvi yote ile bila hata kuigusa?"

"Machale yalimcheza."

"Yalimcheza yeye, au wewe ulisoma chaneli ya ngama wakati wa chakula?"

Akatuma kicheko kirefu, na hapo tukaanza kuzungumza kama watu. Angalia mambo matatu hapo. Kwanza, nilimuuliza kuhusu mhusika, sikumwambia yeye ni mwizi. Pili, nilimuuliza pembeni. Ukimuuliza mbele ya watu atatetea uongo wake hadi asubuhi, maana sasa anatetea uso wake, si mchezo. Tatu, sikukimbilia kumfuta. Nilitaka tupate njia ya halali ya kumfikisha Koplo ngamani, kwa sababu askari wa forodha kupekua meli ni kazi yake, na ningemzuia kabisa ningekuwa nampendelea Mzee Feruzi.

Njia za halali ni tatu tu. Mhusika ameona mwenyewe, au ameambiwa na mhusika mwingine aliyeona, au ameng'amua kwa dalili iliyoandikwa mahali ambapo yeye anapita. Machale hayamo. Na Koplo alikuwa na dalili, kijana hakuiona tu kwa haraka yake: dagaa waliomwagika sakafuni. Kwa hiyo tuliifuta ile mistari, akaandika upya. Koplo anashuka kwa zamu yake ya ukaguzi kabla meli haijang'oa nanga, anamulika taa, anaona dagaa wachache karibu na magunia. Magunia mangapi yako jirani? Nikasema sita. Akarusha dadu, akaangukia la nne. Alichana gunia la nne, akakuta dagaa, akamlipa mwenye mali shilingi yake, na tangu siku hiyo Koplo Sudi anamtazama Mzee Feruzi kwa jicho la pembeni bila kujua kwa nini dagaa wale walikuwa sakafuni. Tumepata hadithi ya kutosha wiki nzima kutokana na gunia ambalo halikufunguliwa.

Kwenye Discord kuna roboti za kurusha dadu, na Telegram ukituma emoji ya dadu peke yake inajirusha yenyewe. WhatsApp haina kitu hicho, kwa hiyo tunarushia kwingine tunaleta picha.

Kuna chabo ya upande wa pili ambayo watu hawaihesabu, nayo inanikera zaidi. Mchezaji amesoma kwamba uji una sumu. Anaogopa kuambiwa kapiga chabo, basi anamfanya mhusika wake kuwa mjinga wa ajabu: anakunywa bakuli mbili, anaomba la tatu, anasifia ladha. Huyo naye anaendeshwa na alichokisoma, ila kinyumenyume. Mhusika asiyejua kitu hana sababu ya kukimbia uji wala kuukimbilia. Jaribio langu ni dogo: kama usingesoma ile chaneli, mhusika wako asubuhi kama hii angefanya nini? Tazama nyuma. Kama kila siku anakunywa uji, anywe. Kama ni mtu wa chai, asibadilike leo. Na kama kweli huwezi kutenganisha, maana yapo mambo ukishayajua huwezi kuyatoa kichwani, usijiamulie. Rusha dadu, au mwambie mchezaji mwingine asiyehusika akuamulie. Hakuna aibu kuandika kibarazani: "Nimeshasoma, siwezi kuamua kwa haki, naomba mtu aniamulie kama mhusika wangu anafungua mlango." Mchezaji anayeandika hivyo namwamini kuliko anayeapa hajasoma.

Kwa mchezo wa zamani kama wetu ipo na chabo ya historia. Sisi wote tumesoma shuleni, wahusika wetu hawajafika huko. Kuna siku abiria mmoja wa daraja la tatu alimfariji mwenzake kwamba asijali, Mwingereza ataondoka baada ya miaka 34. Hesabu sahihi kabisa, 1961 hiyo. Lakini yule abiria ni mpagazi wa 1927! Anaweza kutamani Mwingereza aondoke, anaweza kuota, anaweza kuapa, ila tarehe hana. Mwingine alimleta mhusika wake Kigoma kwa treni, kutoka Mwanza. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo jamaa kasafiri kwa reli ambayo haijaisha kujengwa. Tukamshusha njiani, akaja kwa miguu mpaka kwenye reli, na wale wa Tabora wakamcheka kwa uchungu wa miguu yake. Majina nayo yaangalie: ng'ambo ya ziwa wakati huo ni Albertville, si Kalemie, na kaskazini ni Usumbura, si Bujumbura. Hayo simkaripii mtu. Nayasahihisha kwa mabano tunaendelea.

Mabano ndiyo mpaka wetu. Maneno ya mchezaji yanakaa ndani ya mabano mawili mawili, ((hivi)), na maneno ya mhusika yanakaa nje. Ukiandika kwenye chaneli ya mchezo bila mabano, amesema mhusika wako na wote waliopo wamesikia. Ndivyo mtu mmoja alivyoandika "bando langu linaisha" katikati ya sitaha, na wahusika wote wakaanza kumuuliza bando ni ugonjwa gani na kama unaambukiza.

Kitu cha pili cha lazima ni daftari la mhusika. Si daftari lako, la mhusika. Mimi namtaka kila mchezaji awe nalo, hata kama ni ujumbe anaojitumia mwenyewe WhatsApp. Ndani yake hakiandikwi kila kilichotokea, kinaandikwa anachojua mhusika na alivyokijua. La Koplo Sudi linasomeka hivi:

Dagaa sakafuni, ngama, kabla ya kung'oa nanga. Nimeona mwenyewe.
Mzee Feruzi ana ndugu huko bandari ya Kipili. Kaniambia Bi Tausi, na Bi Tausi ni mwongo.
Usiku nahodha halali usingizi. Nimesikia hatua zake juu.

Mstari usio na "nimeona" au "kaniambia" hauingii daftarini. Na ona ule wa pili: kitu ulichoambiwa si lazima kiwe kweli. Feruzi hana ndugu Kipili. Kijana anajua hana, amesoma. Koplo wake hajui, na anapoteza safari ya bure Kipili kumtafuta huyo ndugu, kijana akiandika huku anacheka. Mchezaji akishafika kiwango hicho, cha kufurahia mhusika wake kupotea njia mbele ya macho yake, huna haja ya kumfungia mlango wowote.

Milango, na kwa nini mimi sifungi mingi

Kila kundi likipata kisa cha chabo, wazo la kwanza ni kufunga. Kila tukio chaneli yake, kila chaneli na kufuli, kila mtu aone sehemu aliyomo tu. Nimewahi kuwa mchezaji kwenye kundi la aina hiyo. Watu walikuwa wengi, lakini kila ukiingia unaona chaneli moja, imenyamaza, na hujui kama wenzako wanacheza au wamelala. Chabo haikuisha, ilihamia inboksi.

Mtazamo wangu ni kwamba kufuli hazifundishi adabu, na mchezo ambao hausomeki na wachezaji wake unakufa. Wakati Gary Gygax na Dave Arneson wanatoa mchezo wa kuigiza wa mezani wa Dungeons & Dragons mwaka 1974 watu walikuwa wanakaa meza moja. Msimulizi akimwambia mmoja "umesikia sauti nyuma ya mlango", meza nzima imesikia, na bado waliobaki walitakiwa kucheza kama hawajasikia. Kuna msimulizi aliyemtoa mchezaji nje ya chumba au kumpa kikaratasi, sawa, lakini kwa jambo kubwa, si kwa kila hatua. Na utamu mwingi unatoka hapohapo. Unasoma mhusika wako anavyosemwa vibaya jikoni, halafu zamu yako inafika unaandika anavyoingia jikoni akisalimia kwa furaha, na wote mnaosoma mnajua.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili: ruhusa ya kusoma na ruhusa ya kuandika. Si wazo jipya. IRC, mfumo wa zamani wa kuchati ulioanzishwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen kule Ufini, ina herufi za kuweka kwenye chaneli: i, asiingie asiyealikwa; k, aingie mwenye neno la siri; m, aingie yeyote ila asiandike asiyepewa sauti. Hiyo m ndiyo ninayoipenda. Kwenye Discord unaifanya kwa vyeo: chaneli ya kabini za daraja la kwanza inaonekana na kila mtu, lakini anayeweza kutuma ujumbe ni mwenye cheo cha abiria wa daraja la kwanza. Kuli anasoma, haandiki.

Ninazofunga hata kusoma ni hizi. Chaneli ya wasimulizi, ambamo tunapanga yajayo. Jibu la fumbo, kama kuna aliyeuawa na wachezaji wote wanatafuta muuaji. Hapo mtu akisoma hakuna tena cha kutafuta, hata awe na adabu namna gani. Na tukio ambalo wachezaji wenyewe wameomba lifungwe kwa sababu linawagusa. Tukio la msiba wa mtoto, kwa mfano, lililetwa na mchezaji ambaye hakutaka emoji za watu. Tukalifunga, likaisha, likabaki lao. Mengine yote yako wazi, na kama mtu anataka kuweka siri ndogo, Discord ukiweka mistari miwili wima kila upande wa maneno yanafunikwa mpaka msomaji ayaguse. Anayeyagusa amejichagulia.

Ukifunga, funga kweli. Mwenye seva, yaani kundi zima la Discord na chaneli zake, na kila uliyempa ruhusa ya Administrator, anaona chaneli zote hata zile ulizozifanya za siri. Nimeona makundi yanayogawa ruhusa hiyo kama karanga, kila rafiki admini, halafu wanashangaa fumbo limevuja. Mpe mtu ruhusa ya kufuta matusi, basi. Angalia pia ruhusa ya kusoma ujumbe wa nyuma, maana ukimfungulia mtu chaneli leo na ruhusa hiyo ipo, anapanda juu na kusoma yote ya tangu mwanzo. Telegram ina mpangilio wake wa kumwonyesha au kumficha mgeni historia ya kundi. Kabla ya kumkaribisha mtu, jiulize kwanza nyuma ya ujumbe wa leo kuna nini.

Na usitegemee kufuta. Mtu akikosea chaneli akaweka siri kibarazani, akaifuta kwa wote, WhatsApp inaacha alama kwamba ujumbe umefutwa, na kuna waliokwishausoma juu ya kioo cha simu. Hapo cha kufanya ni mchezaji mwenyewe kusema wazi: ((nimetuma kimakosa, mliosoma naomba wahusika wenu wasijue)). Watu wazima wanaelewa. Tiki za bluu nazo usizifanye ushahidi. Zinaonyesha kwamba simu imefungua ujumbe. Pengine alikuwa anatafuta ujumbe mwingine, au mtoto wake ndiye aliyeshika simu.

Hodi

Chaneli kuwa wazi si ruhusa ya kuingiza mhusika wako. Watu wawili wapo kwenye sitaha, wamejenga ugomvi wao polepole tangu jana, mmoja karibu alie, halafu wewe unaibuka: *Hamisi anatokea akiwa na samaki mkononi, anauliza kuna nini jamani.* Umevunja. Hata kama sitaha ni ya wote na Hamisi ni mvuvi, umevunja.

Pigeni hodi kama mnavyopiga majumbani. Hodi inapigwa kibarazani, kwa mabano, na ina mambo matatu: nani, anatokea wapi, anataka nini. "((Hodi sitahani. Hamisi anapanda ngazi kutoka ngamani, anataka tu kupita kwenda kwa Bi Tausi. Nipite au nisubiri?))" Wenye tukio wanajibu karibu, au subiri, au pita usiseme kitu. Hodi ya tatu bila jibu, ondoka. Usichungulie dirishani, yaani usianze kuandika Hamisi amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Hiyo ya kusikiliza nyuma ya mlango ndiyo mbinu inayopendwa kuliko zote, na siiruhusu ila mhusika awe alishaandikwa yupo pale kabla mazungumzo hayajaanza. Huwezi kusoma mazungumzo mpaka mwisho halafu ukasema kumbe ulikuwepo.

Ukikaribishwa, ingia kwa mlango. Andika mhusika anavyofika, waache wenzako waandike kwanza walivyomwona, ndipo aseme. Na akitoka, andika ametoka. Wahusika wasiotoka ni tatizo kubwa kuliko wanaoingia bila hodi. Wiki mbili baadaye mtu anadai alikuwa bado amekaa pembeni na amesikia kila kitu.

Ukiwa ndani, mwili wa mhusika wa mwenzio si wako. Unaandika "anamrushia ngumi," huandiki "anampiga anaanguka." Kama ameanguka au amekwepa, ataandika mwenyewe.

Watu wa nyumba moja

Hili makundi ya mbali sijaona wakilizungumzia sana, huku kwetu lipo. Tuna dada wawili wa Ujiji, tumbo moja, wanakaa chumba kimoja na mara nyingine wanatumia simu moja. Mhusika wa mkubwa akipanga njama, wa mdogo kabla ya magharibi ana jibu lake. Ukiwauliza wanakuapia, na hawadanganyi; wanasikiana wakicheka tu, mtu anajua kuna jambo. Kuwafungia chaneli ni kazi bure, kwani chaneli yao ni mkeka.

Tulichofanya ni kuwatoa kwenye pande mbili za siri moja. Wahusika wao sasa ni mama na binti, wanauza vitambaa, wanajua mambo ya wenzao pamoja na hawajui pamoja. Vivyo hivyo kwa mume na mke, na kwa wale vijana wa hosteli moja. Usiwape watu wanaolala nyumba moja siri ya kufichana, ukategemea uungwana ushinde soga za usiku.

Inboksi ni ya kupangia muda na kuulizana kama mwenzio yuko sawa. Mhusika hapewi habari huko. Ukitaka Sudi amwambie Tausi jambo, mkutanishe naye mahali, andikeni, hata kwa mistari miwili, ili liwe limetokea. Picha za chaneli iliyofungwa hazitoki nje ya hiyo chaneli, hata kwa kumsifia aliyeandika. Anayetoa skrinishoti ya chaneli iliyofungwa namwondolea ruhusa ya kuisoma mpaka tukio liishe, bila mjadala. Na kwa wenye umri chini ya miaka kumi na minane hatufungui chaneli ya watu wawili peke yao hata kidogo. Msimulizi anasoma yote, na wanaambiwa mapema kwamba anasoma.

Msimulizi mwenyewe ndiye mwenye kishawishi kikubwa, maana anajua kila kilichofichwa. Mimi nina mhusika, huyo Bi Tausi anayeuza uji sitahani, lakini sijampa siri wala adui. Anasambaza uvumi tu, na nusu ya uvumi wake ni uongo kwa makusudi, ili nisije nikapitisha kweli kupitia mdomo wake. Jambo likihusu maisha yake, anaamua msimulizi mwenzangu wa Tabora.

Wanaokosekana

Bando linaisha, umeme unakatika, mteja anakuja na shida ya mtandao. Mhusika wa mtu aliyepotea ghafla haguswi. Anafanya kazi yake ya kawaida nyuma ya pazia, hapigwi, hapekuliwi, hasikii kitu. Tunao wachezaji wawili ambao ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi. Usiku wa giza wako ziwani na taa zao, hawashiki simu. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi, na ndipo tunapoyapanga matukio yao. Wakirudi wanakuta ujumbe mia na kitu. Hawalazimiki kuusoma wote. Msimulizi anawaandikia mistari michache ya kile ambacho wahusika wao wangekijua, basi, na mmoja wao siku hizi anakataa kabisa kusoma mengine. Anasema anataka kushangaa.

Anayeondoka moja kwa moja anatuambia mhusika ashuke bandari gani, au tumkabidhi nani. Akikabidhiwa mtu mwingine, anakabidhiwa na daftari, na anayepokea anaanza na yaliyomo daftarini hata kama yeye amesoma kila chaneli. Cheo cha aliyeondoka kinatolewa siku hiyohiyo na linki ya mwaliko inabadilishwa. Koplo Sudi tutamkabidhi mtu mwezi ujao, kijana anaenda chuo. Waliomwomba ni wengi, na mwalimu wa Kasulu naye yumo. Nimemkatalia: yeye ndiye aliyeiandika ile barua.